Nyumba ya Miezi Minane

Mkataba ulisema: Oktoba mosi hadi Mei thelathini na moja.
Barba Frane alilamba kidole, akafunua ukurasa,
akanionyesha pa kutia sahihi.
"Baridi ni yenu," alisema. "Msimu ni msimu."

Basi tukaishi kwa kalenda yake.
Tuliziba nyufa za dirisha kwa magazeti
bura iliposhuka mlimani kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Tulijua ngazi ipi hulia usiku,
bomba lipi hukohoa mara tatu kabla ya kutoa maji.
Zorana wangu, miaka saba, alijipima kwenye fremu ya mlango wa jikoni:
penseli ya Novemba, penseli ya Machi,
na baina yake upana wa kidole changu kimoja.

Mei, mji ukavua koti.
Kila mlango ukaota kisanduku cha funguo chenye tarakimu nne.
Masanduku yenye magurudumu yakaanza kunguruma juu ya mawe
tangu feri ya alfajiri,
nasi tukashusha virago kupitia ngazi ya nyuma
ili tusipishane nao.
Mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Nilitafuta.
Nani asemaye sikutafuta?
Dalali wa kwanza: euro mia tisa, na mtoto hatakiwi.
Wa pili: chumba juu ya baa, choo mnachangia na wapishi.
Wa tatu alitaja mia sita, moyo ukaruka,
nikauliza, kwa mwezi?
Akacheka kwa upole kabisa.
"Kwa wiki, bibi."

Tukalala kwenye karavani ya dada yangu, katikati ya mizeituni,
watu watano na jiko moja la gesi.
Asubuhi nilipanda baiskeli kwenda kufua shuka za watu
wanaolala ninapozaliwa.

Tarehe kumi na nne Juni simu ikaleta anwani ya kazi:
Kichochoro cha Wasuka Kamba, namba sita.
Nikasoma mara mbili.
Nilibonyeza tarakimu nne kuingia nyumba niliyokuwa nikiifungua
kwa bega, kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu.
Kitasa kimetengenezwa.
Ukutani nanga ya mbao, iliyonunuliwa dukani,
haijawahi kugusa maji.
Na kwenye karatasi ya maagizo, chini ya taulo na sabuni:
*futa uchafu wa penseli, mlango wa jikoni.*

Nilifuta Novemba.
Nilifuta Machi.
Ngazi ililia nilipotoka; yenyewe haikuwa imetengenezwa.

Agosti mwishoni ndipo muuza samaki aliponitajia Teta Perina.
Ghorofa ya chini, vyumba viwili, ukungu kwenye kona,
dirisha linatazama makaburi.
"Watalii hawataki kuamka wakaona misalaba," alisema.
"Mimi wale nawajua wote. Majirani watulivu. Hawapandishi kodi."
Kiasi gani?
Akanikagua viatu, akamkagua mtoto.
"Mia tatu na themanini. Na kuni unipandishie wewe."
Hadi lini?
Swali hilo lilinitoka vibaya, kama kikohozi kanisani.
"Mpaka nife," alisema. "Baadaye muulize mpwa wangu, yuko Hamburg."

Nikamtazama vizuri.
Miaka themanini na kitu, anavuta sigara,
anapumua kama mlango wa zamani.
Mungu anisamehe, nilipiga hesabu.
Kisha nikaenda kumletea kuni, nyingi kuliko alizoomba,
nikamwambia avae soksi.

Usiku wa kwanza nilitafuta penseli ndani ya maboksi.
Nikamwita Zorana: njoo, simama hapa, nyoosha mgongo.
Akautazama mlango. Hakusogea.
Akaenda kuegemea kabati letu la nguo,
lile lenye mguu mmoja mfupi, tulilolibeba mara nne.
"Hapa, mama," alisema.
"Kabati tunaondoka nalo."